Hata Lini, Ee Bwana?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeombwa niseme juu ya kungoja, nami nitaanza na daftari.

Nina daftari la maombi. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati: kushoto naandika ninachoomba, kulia tarehe niliyojibiwa. Ombi moja nililihamisha kutoka daftari hadi daftari kwa miaka sita, maneno yale yale, kwamba ndugu yangu apone. Kulia pakabaki peupe. Ndugu yangu alifariki, na pako vile vile hadi leo. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimekuja na ushuhuda wa muujiza.

Katika miaka ile, kuliko hata ukimya wa Mungu, niliumizwa na maneno ya waumini wenzangu. "Chunguza maisha yako, pengine kuna dhambi." "Ongeza imani." Walisema kwa upendo, naamini hivyo, lakini nilirudi nyumbani na mizigo miwili badala ya mmoja. Nikaupekua moyo wangu usiku kucha. Dhambi nilizikuta, nani asiye nazo? Ila hakuna hata moja iliyonieleza kwa nini ndugu yangu haponi.

Aliyenitua ule mzigo wa pili ni Luka. Tufungue sura ya 1, mstari wa 6 na wa 7. Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki mbele za Mungu, tena bila lawama. Na papo hapo anaendelea: hawakuwa na mtoto, na wote wawili walikuwa wazee. Nionavyo mimi, Luka ameyaweka hayo mawili jirani kwa makusudi. Haki ipo, mtoto hayupo. Tungekuwa majirani zao, huenda tungewatafutia kosa. Na Elisabeti mwenyewe, katika mstari wa 25, anataja aibu aliyokuwa nayo mbele ya watu.

Sasa tazameni malaika alimkuta Zakaria wapi. Hekaluni, kwenye zamu yake, anafukiza uvumba. Akamwambia, "Dua yako imesikiwa," mkewe atamzalia mwana. Nadhani dua ile mzee alikuwa ameshaacha kuiomba, maana badala ya kushangilia anauliza atajuaje neno hilo, naye amezeeka. Amechoka kuomba, lakini zamu hakuiacha. Hapo ndipo niliposhika mimi. Kuna Jumapili nilikwenda kanisani sina neno hata moja la kumwambia Mungu. Nilipanga viti, nikakaa, wenzangu wakaimba, nikavipanga tena ukutani, nikarudi nyumbani. Leo nasema bila kusita kwamba ile nayo ilikuwa imani.

Na wewe ambaye hata hivyo viti vimekushinda, ipo Zaburi 88. "Mchana na usiku nimelia mbele zako." Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani, wala hawakuiongezea mstari wa kutufariji. Lakini angalieni huyu mtu analilia wapi: mbele zako. Hamsengenyi Mungu kwa watu. Lalamiko lake, na ni kali kwelikweli, amempelekea mwenyewe. Ndiyo maana nawasihi msiwanyamazishe wanaouliza. Anayemuuliza Mungu kwa machozi hajamwacha.

Tunapenda kuhubiri Ibrahimu, aliyeitwa akiwa na miaka 75 na kumpata Isaka akiwa na miaka 100. Tumhubiri. Ila Waebrania 11 inawashuhudia kwa imani yao hata waliokufa wasiipate ile ahadi. Na Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, ndivyo alivyoliita teso la mwilini mwake. Ukabaki, akapewa neema. Kaburini kwa ndugu yangu sikupata maelezo yoyote. Nilipata nguvu ya kusimama mpaka udongo ukaisha, na siku ile sikuitambua kuwa ni neema.

Naomba tusimame tusome Zaburi 13 kwa pamoja, polepole. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Ule wa 5 unasema, "Nimezitumainia fadhili zako." Ukiona leo sauti yako inakomea mstari wa pili, komea hapo, usione haya. Iliyobaki tutakusomea sisi.