Karatasi Isiyo na Picha: Kutafiti na Kuunda Modeli ya Reli ya Afrika Mashariki

Asanteni, ndugu zangu, na shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Naona wawili watatu humu mliwahi kuvaa kofia ya reli. Nikiteleza nikatizeni papo hapo, maana hata hiki kidogo ninachokijua nimekipata kwa kukatizwa.

Kijitabu hiki nilichokishika hakina picha hata moja. Jalada limechujuka, ukurasa wa kwanza una alama ya duara ya kikombe cha chai, na ndani ni safu za tarakimu tupu. Ni ratiba ya kazi ya reli yetu ya zamani, ile waliyopewa madereva, magadi (walinzi wa treni) na mastesheni masta. Abiria hakuuziwa. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi kuunda modeli, yaani reli ndogo ya kuigiza, ya reli ya Mombasa kwenda bara, au Reli ya Kati, au ya Tanga, simwonyeshi kitabu cha picha. Namwonyesha hiki, na wengi hununa kidogo.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Ratiba ya abiria inakuambia treni inaondoka Mombasa jioni na kuamkia Nairobi. Basi. Haikuambii huko kati usiku kulikuwa na nini. Reli yetu ni njia moja, na treni mbili zinazokuja uso kwa uso lazima zipishane stesheni. Fungua ratiba ya kazi, fuata kwa kidole treni ya abiria unayoipenda, utaikuta imesimama dakika kadhaa kwenye stesheni ndogo ambayo haina hata mji. Inasubiri nini? Hamia safu za upande wa pili, za treni zinazoteremka pwani. Mizigo ndiyo hiyo, inaingia stesheni ileile dakika chache kabla mwenzake hajaondoka. Kwa kidole tu umejua kwamba stesheni ile ilikuwa na njia ya kupishania, kwamba usiku kulikuwa na mtu macho pale mwenye taa mkononi, na kwamba modeli yako ikiwa na njia moja iliyonyooka hapo, umekosea. Mfululizo wa kurasa kama hizo ni kama kukaa ofisi ya stesheni usiku kucha, isipokuwa huumwi na mbu.

Halafu zipo kurasa za nyuma ambazo wengi hawazifungui: jedwali la injini zinazoruhusiwa kupita kila kipande cha njia, na uzito zinaoruhusiwa kuvuta. Hapa ndipo modeli nyingi nzuri huumbuka. Sote tunazipenda Garratt, zile injini kubwa za mvuke, za daraja la 59, zile 34 zilizotoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, zikaingia kazini 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Mount Gelai, namba 5918, iko pale makumbusho ya reli Nairobi. Nendeni mkasimame karibu na magurudumu yake mjione mlivyo wadogo. Lakini kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya injini ile ilikandamiza reli kwa takriban tani 21. Uzito huo ulihitaji reli nzito, za ratili 95 kwa yadi, na ndiyo maana kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Ukiiweka kwenye tawi la Nanyuki imependeza, ni sawa, ni yako, lakini usiniambie umetafiti. Matawi yalikuwa na injini nyepesi zaidi, na jedwali lile linazitaja moja moja.

Sasa namba zenyewe. Katika mpango wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni injini yenyewe. Kwa hiyo 5918 ni ya kumi na nane katika daraja la 59. Rahisi, mpaka ukutane na Karamoja. Iko makumbusho hayohayo, Garratt kubwa ya kabla ya shirika hilo, nayo ina namba 87. Injini hiyohiyo baadaye iliitwa 5711. Reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika mwaka 1948, ndipo namba zikabadilishwa. Taarifa ya mwaka ya reli ya miaka ya arobaini inakwambia 87, ratiba ya miaka ya hamsini inakwambia 5711, na mtafiti mgeni anahesabu injini mbili. Mimi nilihesabu mbili. Nilikuwa na orodha nzuri kabisa ya injini, na ilikuwa na mizimu kumi na miwili, maana daraja lile zima lilikuwa na injini 12 na mimi nilizirudia zote.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata gundi, chagua mwaka. Mmoja, si “zamani kidogo”. Reli iliyofika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901 haikukaa kimya baada ya hapo. Kampala ilifikiwa 1931, Kasese 1956. Njia ya kuunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, ile inayokutana nayo Ruvu, ilikamilika 1963. Ukiunda mwaka 1960, behewa la mkonge la Korogwe haliwezi kuonekana Dar es Salaam kwa njia hiyo. Mwaka 1977 jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki na vichwa na mabehewa yaliyokuwa upande wake. Mwaka ukishauchagua, nusu ya karatasi zilizopo mezani unaziweka kando bila majuto.

Taarifa za mwaka nilizozitaja ni vitabu vinene vya kuchosha na nawaomba mvivumilie. Kurasa za mwanzo ni za wakubwa kujipongeza, ruka. Nyuma kuna majedwali: mabehewa mangapi ya aina gani, tani ngapi za bidhaa gani. Mwenye modeli ana tatizo moja ambalo halimsumbui mwenye kuandika historia: lazima aamue ni mabehewa gani yafuate injini. Ukipanga kumi yote ya mafuta kwa sababu yanang'aa, umetengeneza treni isiyowahi kuwapo. Majedwali yatakupa uwiano, na utaona tofauti ya njia na njia. Tanga ni mkonge. Tawi la Konza kwenda Magadi lilijengwa kwa ajili ya magadi yenyewe. Bara kuna kahawa, chai, pamba. Mimi nilikata uwiano huo kwa treni ya mabehewa kumi na mawili na nikagundua kwamba yale mawili niliyokuwa najivunia zaidi hayana nafasi. Yako kabatini mpaka leo.

Vitabu vya wasomi na wapenzi wa reli navyo nitavitaja upesi, maana mnavijua. Historia ya M. F. Hill iliyochapwa 1949 iliandikwa kwa ridhaa ya reli yenyewe, na inasomeka hivyo: ni hodari kwa tarehe na gharama, ni mkimya kuhusu vibarua. Kitabu cha Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, cha 1907 kila mtu hukisomea simba wa Tsavo. Mimi nakipenda kwa picha za daraja likijengwa, nguzo za mawe na mbao za muda, na huwa nawaruka simba. Kwa upande wa Reli ya Kati na ile ya Tanga jiandaeni, kwa sababu zilianzishwa na Wajerumani na karatasi zake za mwanzo ni za Kijerumani, mara nyingi kwa zile herufi za kale zilizopinda kama miba. Picha na michoro haihitaji kamusi, lakini maelezo yake chini yanaihitaji.

Picha sasa. Postikadi za kale za rangi ni nzuri ukutani, ila nyingi zilipigwa nyeusi na nyeupe kisha zikapakwa rangi kiwandani Ulaya na mtu ambaye hakuwahi kuona udongo wa Voi. Nimeona anga la waridi na treni ya kijani kibichi. Garratt za 59 zilikuwa damu ya mzee, na hata hiyo ukitazama picha za rangi za miaka ya sitini utaipata ya kahawia, ya zambarau na karibu nyeusi, kwa sababu filamu huchuja na jua la saa sita halifanani na la jioni. Makaratasi yanakufikisha kwenye jina la rangi. Rangi yenyewe nilikwenda kuitazama makumbusho, chini ya ukingo wa bati ambako jua halifiki.

Niwasimulie aibu yangu kubwa, halafu nimalize. Nilipata nakala ya mchoro wa stesheni moja ya bara, mchoro mkubwa, safi, wenye vipimo vya futi. Njia tatu, ghala, tangi la maji, na meza ya kugeuzia injini. Nilifurahi sana kwa meza ile. Katika kipimo cha moja kwa themanini na saba niliijenga kwa miezi mitatu, ikazunguka kwa mota ndogo bila kelele. Nikamwalika mzee mmoja aliyewahi kuwa stesheni masta huko. Alizunguka modeli yangu taratibu, mikono nyuma, akasifu tangi la maji. Kisha akasema, “Mwanangu, hiki kiduara umekitoa wapi?” Nikamletea mchoro kwa majivuno. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kona ya chini. Kulikuwa na neno dogo la penseli, maana yake “inapendekezwa”. Haikujengwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kuijenga.

Ratiba ya kazi ingeniokoa, maana ukurasa wa huduma za stesheni ulitaja maji na mafuta, na kuhusu kugeuza injini palikuwa na kistari tu. Nilikuwa nayo rafuni wakati wote.

Mzee yuleyule alinisahihisha jambo lingine, na hili ni la sisi watu wa Kiswahili hasa. Ratiba imechapwa kwa saa za kizungu, 20.10, 02.45. Wazee wanasimulia kwa saa zetu. Akikwambia mizigo ilipita saa mbili usiku, usiiandike 02.00, ni 20.00. Nimesoma maelezo ya mahojiano yaliyofanywa na mtu asiyejua hilo, na treni zake zote zilichelewa au kuwahi kwa saa sita kamili. Wazee wanaangua kicheko, naona.

Vipimo: maili, futi, ratili, tani za Kiingereza. Badilisha kila kitu mara moja tu, andika kwenye daftari moja, usibadilishe kichwani ukiwa na msumeno mkononi. Njia yetu ya mita moja katika kipimo nilichotaja inakuwa milimita 11 na nusu. Mimi natumia reli ya milimita 12 na sijawahi kukosa usingizi kwa ile nusu. Garratt yenye urefu wa zaidi ya mita 31 inakuwa kama sentimita 36. Njia ya kupishania ya mita 400 inadai mita nne na nusu za chumba chako. Ramani ya moja kwa elfu hamsini inaionyesha hiyohiyo kwa milimita nane, kwa hiyo ramani itumie kwa vilima, mito na mahali barabara inapokata reli, na usiipime kwa rula kutafuta pointi, pale njia zinapogawanyika.

Basi nimezipanga karatasi hapa mezani. Taarifa za mwaka mnaweza kuzishika mnavyotaka, zina jalada gumu. Ratiba naomba mtu asilambe kidole kufungua kurasa, na msiilaze kifudifudi, uti wake umelegea. Mzee wa kofia ya kijivu, nimekuona unainyooshea kidole tangu nianze. Njoo wewe kwanza, unionyeshe stesheni yako.