Tapeti za injini ya CG: funga nati isilegee tena

Sikiliza kwanza kabla sijashika spana. Unasikia ile tak-tak-tak juu ya injini, inayoongezeka kasi kila nikivuta mafuta? Hiyo ni tapeti iliyolegea, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu imezidi. Mwenye pikipiki hii ni dereva wa bodaboda, na ameshaseti tapeti mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila mara fundi aliikaza nati kwa nguvu zaidi, na kila mara ikarudi kulegea. Leo tuitafute sababu, maana nguvu siyo dawa yake.

Injini hii ni aina ya CG, ile iliyoanzia kwenye Honda CG125 miaka ya 1970, na baadaye viwanda vya China vikaitengeneza kwa wingi hadi ikajaa vijiweni kwetu. Kamshafti yake, chuma kinachozunguka na kuamrisha valvu zifunguke, haipo kichwani kama ya Boxer. Ipo chini, na fimbo mbili za chuma, yaani pushirodi, ndizo zinazopanda kusukuma roka, kile kimkono cha chuma kinachobembea juu, kisha roka inabonyeza valvu. Zipo pushirodi ambazo zenyewe hurefushwa na kufupishwa, watu wa pikipiki za Harley-Davidson wanazifahamu sana, na nati yake inakaa kwenye fimbo. Zetu zina urefu mmoja. Skrubu ya kuseti na nati ya kuifunga vipo juu kwenye roka. Lakini ugonjwa ni uleule.

Injini iwe baridi kabisa. Mimi hupenda pikipiki ilale gereji usiku mzima. Ukiseti injini ya moto, chuma kimeshatanuka na kipimo utakachopata si cha kweli.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, tairi la nyuma lielee. Pangusa vumbi lote kuzunguka kava la juu kabla ya kulifungua, mchanga usidondoke ndani. Chomoa plagi, fungua kava, weka gia ya juu kabisa. Sasa zungusha tairi la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, taratibu, huku ukiitazama roka ya upande wa kabureta. Inabonyeza valvu... inapanda... imeachia. Hapo ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi, ushikilie usizame, na uendelee kuzungusha. Unaona unavyopanda? Ukifika mwisho wa kupanda, simama. Pistoni ipo juu na valvu zote mbili zimefunga. Tikisa roka zote mbili kwa kidole, kila moja iwe na mchezo mdogo. Kama zote zimekaza, zungusha injini duru moja zaidi ndipo upime.

Sogea karibu na kamera, hapa ndipo penyewe.

Usiseti bado. Ilegeze nati, itoe kabisa pamoja na skrubu, uvioshe kwa petroli na kuvikausha. Tazama hii niliyoitoa. Nyuzi za katikati zimelala, hazisimami kama za pembeni. Zimevutwa na yule aliyekaza kwa spana ndefu. Nati ya namna hii ukiikaza unaisikia imeshika, lakini haina tena mvuto wa kuibana skrubu, na mtikisiko wa injini unaifungua kidogo kidogo. Angalia na uso wa chini wa nati, pale inapokalia roka. Ukiwa umeliwa upande mmoja, nati inakaa kishingo upande. Nunua skrubu na nati mpya kwa pamoja. Usioanishe nati mpya na skrubu iliyochoka, utarudi hapahapa.

Jaribu skrubu mpya kwenye roka kwa vidole tu. Iingie laini bila kuyumba. Ikicheza-cheza, nyuzi za roka nazo zimekwisha, badilisha roka. Wengine hapo hupaka gundi ya nyuzi. Mimi sipaki: juu hapa pana joto na oili, na nyuzi zilizokufa hazifufuliwi na gundi.

Kabla ya kurudisha, toa pushirodi na uiviringishe juu ya kioo. Ikiruka-ruka imepinda, na fimbo iliyopinda inaigonga roka vibaya kila mzunguko. Kagua pia bolti zinazoshika stendi ya roka. Nimewahi kuhangaika na nati siku nzima kumbe stendi yenyewe ndiyo inayotikisika.

Sasa tunaseti. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Hii yangu ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Pitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, pale roka inapobonyeza valvu, kaza skrubu mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unachomoa karatasi chini ya kitabu.

Halafu mikono miwili. Mkono wa kushoto unaishika skrubu, haiendi popote. Wa kulia unakaza nati kwa spana ya ringi fupi. Ukiiachia skrubu, itazunguka pamoja na nati na kipimo kimepotea. Usitumie koleo, inakula kichwa cha skrubu. Nati hii ni ndogo: nguvu ya kiganja inatosha, usiweke uzito wa bega.

Ukishakaza, pima tena. Hatua hii wengi wanairuka. Nati inapobana huivuta skrubu juu kidogo, na nafasi inabadilika. Mimi hapa imekuwa kubwa, geji inapita bila kukwaruza. Nalegeza, narudia. Leo imekubali mara ya tatu.

Tafadhali msikimbilie ukimya. Tapeti iliyobana sana haipigi kelele, lakini valvu ya eksozi haifungi vizuri. Valvu hiyo hupoa inapokalia kiti chake, ikikosa kukaa inaungua. Mlio mwepesi kama cherehani ni afya.

Rudisha plagi, rudisha gia kwenye nyutro. Lakini kabla ya kava, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye roka. Pakaushe kwanza oili kwa kitambaa, rangi ishike. Rudisha kava na gasketi nzima, kaza bolti kwa kukingamisha, piga kiki.

Umesikia tofauti?

Dereva, rudi baada ya kilomita 500, injini ikiwa baridi. Tutafungua kava tutazame ule mstari. Ukiwa bado umenyooka, tunafunga tu. Ukiwa umekatika, tusikaze nati tena. Tuanze na roka.