Soya iliyolala ghalani: Marekani, 2018 hadi 2021

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia mbegu za mafuta, na hasa jinsi akiba yake inavyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Kaka Juma amechagua soya ya Marekani, ilhali sisi wenyewe tuna alizeti ya Singida na ufuta wa Lindi. Kaka, kwa nini uende mbali hivyo?

JUMA: Kwa sababu kule hesabu ya ghala hufanywa mara 4 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na Wizara ya Kilimo huitangaza hadharani, ikitenganisha kilichobaki kwa mkulima na kilichomo kwenye maghala ya wafanyabiashara. Hesabu ya tarehe 1 Septemba ndiyo ninayoifuatilia zaidi, maana mwaka wa soko wa soya huanza siku hiyo, na kinachokutwa ghalani ni salio la msimu uliopita. Mwaka 2018 salio hilo lilikuwa takriban tani milioni 12. Mwaka 2019 lilifika karibu tani milioni 25, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Mwaka 2020 likarudi kwenye milioni 14, na mwaka 2021 zikabaki milioni 7 tu.

SALMA: Anayesikia takwimu hizo atadhani mvua ilinyesha vizuri mwaka 2018, watu wakavuna kupita kiasi, kisha ukame ukafuata.

JUMA: Ndivyo wengi wanavyozisoma, na ndipo wanapopotea. Mavuno ya 2017 na ya 2018 yalikaribiana sana, yapata tani milioni 120 kila mwaka. Aliyebadilika ni mnunuzi. Tarehe 6 Julai 2018 China iliiongezea soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25, ikijibu ushuru ambao Marekani ilikuwa imeuweka kwenye bidhaa za China, na wanunuzi wake wakahamia Brazil. Mauzo ya nje ya Marekani, yaliyokuwa tani milioni 58 hivi, yakaanguka hadi chini ya milioni 48. Sehemu kubwa ya pengo hilo iliishia ghalani.

SALMA: Lakini Agosti ya mwaka huohuo China ilithibitisha homa ya nguruwe ya Afrika. Huoni kwamba unaubebesha ushuru lawama yote?

JUMA: Hilo ni kweli, dada. China huagiza soya ili ikamuliwe mafuta na mashudu yalishwe mifugo, hivyo nguruwe wakipungua, mashudu nayo hukosa mlaji. Hata hivyo, meli zilikuwa zimekwisha kugeuza njia kabla ugonjwa haujaenea, kwa hiyo mimi naona ushuru ulitangulia na ugonjwa ukakoleza.

SALMA: Basi tuziangalie hizo tani milioni 25. Zililala wapi?

JUMA: Hapo ndipo hesabu ya taifa inapoficha mambo. Chukua jimbo la Illinois. Soya ya kule hushuka kwa majahazi kwenye mito ya Illinois na Mississippi hadi bandari za Louisiana, na isiposafirishwa kuna viwanda vya kukamua hapohapo, kama vile vya Decatur. Mkulima ana pa kugeukia. Sasa panda kaskazini hadi North Dakota. Soya ya huko hupakiwa kwenye treni kuelekea bandari za pwani ya Pasifiki, katika majimbo ya Washington na Oregon, na kutoka hapo huelekea Asia, kwa China zaidi ya kwingine. Mwaka 2018 jimbo hilo halikuwa na kiwanda hata kimoja kilichojengwa mahsusi kwa kukamua soya. China ilipofunga mlango, treni hazikuwa na pa kwenda. Wenye maghala walipunguza ununuzi, bei waliyomlipa mkulima ikashuka mbali sana chini ya bei ya soko la mazao la Chicago, ambayo ndiyo kipimo cha bei ya soya, vihenge vikajaa, na soya nyingine ikamwagwa chini mlima mzima na kufunikwa maturubai.

SALMA: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

JUMA: Huyu hakuachwa afe, maana serikali yake ilimlipa fidia. Kwa mavuno ya 2018 kila busheli, yaani kilo 27 hivi, ililipiwa dola 1.65. Na kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa kiasi alichovuna, si kwa kiasi alichouza, mkulima mwenye kihenge chake aliweza kusubiri bei. Ndiyo maana hesabu ya Septemba 2019 ilikuta soya iliyobaki mashambani imezidi mara mbili na nusu ile ya mwaka uliotangulia. Mtu akisoma jumla peke yake, hilo halioni.

SALMA: Nimesikia pia kwamba hesabu ya ghala huweza kurekebisha hesabu ya shamba.

JUMA: Naam, na mimi hulipenda jambo hilo kuliko yote. Kilichovunwa hukadiriwa, lakini kilichosafirishwa, kilichokamuliwa na kilichobaki vinaweza kufuatiliwa. Visipolingana na makadirio ya mavuno, makadirio ndiyo yanayopiga magoti. Septemba 2019 wizara iliyateremsha mavuno ya 2018 kwa zaidi ya tani milioni 3, karibu mwaka mzima baada ya soya kuvunwa.

SALMA: Na kushuka kwa salio kulikofuata?

JUMA: Kulikuwa na sababu mbili tofauti. Mwaka 2019 ni hali ya hewa: mvua za masika zilizuia upandaji na mavuno yakawa chini ya tani milioni 97. Mwaka 2020 mavuno yalipanda tena hadi karibu milioni 115, lakini salio likazidi kushuka, kwa sababu China ilirudi sokoni kwa nguvu na mauzo ya nje yakapita milioni 61. Salio la 2019 lingetosha matumizi na mauzo ya karibu miezi 3. La 2021 lingetosha wiki 3. Bei ya Chicago, iliyokuwa dola 8 na kidogo kwa busheli Septemba 2018, ilivuka dola 16 Mei 2021.

SALMA: Sasa nirudishe Lindi. Ufuta wetu nao unauzwa nje kwa wingi, na China ni mteja mkubwa.

JUMA: Unafanana na North Dakota kuliko Illinois. Huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi za ghala, kwa hiyo kilichoingia na kilichotoka huandikwa. Mimi ningependa kuona takwimu hizo zikipangwa kwa wilaya na kwa mwezi, pamoja na safu moja ya ziada inayoonyesha ni kiasi gani kinakamuliwa hapa nchini. North Dakota walipata kiwanda chao cha kwanza cha namna hiyo mwaka 2023, pale Spiritwood, miaka 5 baada ya yale maturubai.