Kabla ya Mshumaa wa Kwanza

Mhadhara kwa waumini, Mkunazini, Unguja, wiki ya mwisho kabla ya Majilio

Tumsifu Yesu Kristo.

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, karibuni. Wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mna zamu ya usiku hotelini huko Nungwi na Paje, kwa hiyo sitawakawiza.

Nianze na hapa tulipokaa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa lililokuwa hapa Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili. Ibada ya kwanza ikasaliwa ndani yake Krismasi ya 1877, jengo lenyewe halijakwisha. Kati ya Krismasi zile mbili yalipita Majilio manne, yaani misimu minne ya zile Jumapili nne za kuingoja Krismasi, na mimi huyawaza sana Majilio yale. Watu waliingoja Krismasi huku wakipandisha mawe ya matumbawe, juu ya ardhi ambayo juzijuzi tu binadamu alifungwa nguzoni akapigwa mijeledi. Wazee wametusimulia kwamba altare imesimama palepale ilipokuwa nguzo ile. Kwa hiyo kanisa hili limezaliwa katika kungoja kwa namna hiyo, mikono ikiwa na chokaa.

Sasa sisi tunangojaje?

Majirani zetu Waislamu, ikiingia Shaaban tu, mwezi wa kabla ya Ramadhani, mtaa mzima unajua. Utasikia wanahesabu siku. Nyumba inapakwa chokaa, madeni yanalipwa, ndugu waliogombana wanatafutana kusameheana, halafu watu wanavunja jungu. Mwezi unapoandama unawakuta tayari. Nimekulia katikati yao na nawaheshimu kwa hilo. Sisi Jumapili nne zinapita, padre anabadilisha mavazi kuwa ya zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, mshumaa mmoja unawashwa, wa pili, wa tatu, na wengi wetu tunakuja kushtuka tarehe 24 usiku tukitafuta kitambaa cha mezani.

Tena angalieni masomo ya Jumapili ya kwanza. Mtoto wa Bethlehemu hatajwi. Tunasomewa habari za Bwana atakaporudi, tunaambiwa tukeshe. Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba saa ya kuamka usingizini imekwisha kuwadia. Yaani Kanisa linatuanzishia mwaka wake kwa kutugongea mlango.

Jumapili ya pili anaingia Yohana Mbatizaji, na hapo naomba tukae kidogo. Luka sura ya tatu: watu wanamwendea jangwani wakiwa wameguswa kweli, wanamuuliza, "Tufanye nini basi?" Ningekuwa mimi ningetazamia awape mfungo mrefu, au sala za usiku kucha. Anawajibu, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu." Kanzu, ndugu zangu! Nani hapa Unguja hajui kanzu ni nini? Watoza ushuru anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari anawaambia wasimdhulumu mtu, na mshahara wao uwatoshe. Kila mmoja anarudishwa kwenye kabati lake na kazi yake. Na kabla ya hayo, Luka amekwisha kutukumbusha maneno ya nabii Isaya, kwamba palipopotoka patakuwa pamenyoka.

Maneno hayo niliyasikia tangu utoto nikidhani ni habari za milima na mabonde ya Uyahudi. Nitawaeleza yalivyonifikia.

Kuna mama mmoja muuza urojo, jirani, Mwislamu. Mtoto wangu alipougua nilimkopa shilingi 45,000. Alifungua pindo la kanga palepale barazani akanihesabia, wala hakuuliza nitarudisha lini. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Nikaona haya. Mnaujua Mji Mkongwe, kichochoro kinatokea kichochoro kingine. Nikaanza kupita njia ya nyuma, nazunguka, natokea upande wa pili ili nisiipite baraza yake. Zaidi ya nusu mwaka nilikwenda nyumbani kwangu kwa njia hiyo, na kwa njia hiyohiyo nikaja kanisani na kupokea Komunyo.

Majilio ya mwaka jana somo lile likasomwa. Palipopotoka. Nilikuwa nimekaa benchi lile pale, na moyo wangu ukakiona kile kichochoro waziwazi, na karo la maji machafu ninaloliruka kila siku. Njia iliyopotoka ilikuwa ninaitembea kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumamosi nikaenda na pesa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikampa. Akazishika bila kuzihesabu, akaniambia: "Pesa nilishakusamehe zamani. Ila hata salamu? Mimi nilidhani nimekukosea."

Sikuwa na jibu. Miezi yote ile nilifikiri nina deni la shilingi 45,000, kumbe nilikuwa nimempa mtu mzigo wa kujiuliza kosa lake.

Ndiyo maana nasema imani haihuishwi kwa kuongeza tu. Nendeni Nungwi mkawatazame mafundi wanaokalafati mashua, yaani wanaoziba mishono ya mbao kwa pamba. Chombo kimepandishwa pwani, kimeegemezwa magogo. Fundi hagongi pamba mpya kwanza. Anachokonoa ile ya zamani, nyeusi, imelowa, inanuka, mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka aone mbao kavu. Hapo ndipo anapochovya pamba mpya katika mafuta na kuigongea ndani. Pamba mpya juu ya iliyooza haishiki, na chombo kitavuja watu wakiwa katikati ya mkondo. Sisi tunataka kwaya mpya, novena mpya, mkesha mrefu zaidi, na mishono yetu haijachokonolewa. Kuungama ndiko kuchokonoa huko. Kunauma kidogo na kuna aibu, najua.

Kwa ninyi wa zamu za hotelini, ambao Desemba ndiyo wageni wanajaa na Jumapili hampewi, msijione mko nje ya Majilio. Wakristo wa kwanza walikuwa na sala fupi kwa Kiaramu, *Marana tha*, Bwana wetu, njoo. Biblia yenyewe inakaribia kufungwa kwa sala hiyo: "Njoo, Bwana Yesu." Inaweza kusemwa ukitandika kitanda cha chumba cha ishirini, ukaisema tena kwenye cha ishirini na moja. Na kama bakshishi inagawanywa, mwenzako apate fungu lake kamili. Yohana angekuambia hivyohivyo.

Jumapili mshumaa wa kwanza utawashwa. Leo ni Jumanne. Mimi kesho nina mtu wa kumwendea, anakaa Kikwajuni. Tangu Pasaka hatujasemeshana, na safari hii kosa si langu peke yangu, ndiyo maana miguu ni mizito. Niombeeni nifike mlangoni kwake.

Asanteni sana.