Pangaboi la Gari-Nyumba: Betri Ikijaa, Umeme Uende Wapi?

DADA: Karibuni. Leo ni gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, na pangaboi la upepo la kujiundia la kuchaji betri ya volti 12. Kaka, altaneta kuukuu ya gari, ile jenereta ndogo ya injini, inafaa?

KAKA: Ilivyo, haifai. Inaanza kuchaji ikipita mizunguko elfu moja kwa dakika. Pangaboi la kipenyo cha mita 1.2, kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde, halifiki hata 500. Na altaneta inakula umeme wa betri kutengeneza usumaku wake, kwa hiyo usiku mzima unaweza kuwa unapoteza.

DADA: Basi tunatumia nini?

KAKA: Jenereta ya kujiundia: sahani mbili za chuma, kila moja sumaku 12 kali za neodimiamu, katikati koili 9 za waya uliosokotwa, zilizogandishwa kwa resini, tatu kwa kila fezi, yaani kila moja ya njia tatu za umeme. Sumaku zipishane kaskazini na kusini, na zinazotazamana zivutane. Kuzikutanisha sahani, shusha kwa boliti ndefu, robo mzunguko kila moja kwa zamu. Ukiziachia, kidole kilichobaki katikati si chako tena.

DADA: Aah! Haya, wati?

KAKA: Kwa upepo huo wa mita 5, wati 20 hivi. Taa na simu. Upepo ukiwa mita 10, kama 160, maana upepo ukiongezeka maradufu nguvu inaongezeka mara nane. Anayeegesha karibu na Loiyangalani, kule Marsabit kando ya Ziwa Turkana, kwenye mitambo ile 365 ya upepo, atafaidi. Aliyejificha chini ya miembe anunue sola tu.

DADA: Wengi wanatumia kontrola ileile ya sola, kifaa cha kudhibiti uchaji wa betri.

KAKA: Ndiyo inayowaunguzia! Betri ikijaa, inakata. Paneli haijali. Pangaboi likikosa mzigo linazunguka kasi kupita kiasi, volti zinapanda, kontrola inaungua, kisha panga linachomoka. Tumia kontrola ya kumwaga: ikifika volti 14.4 inapeleka ziada kwenye resista, kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto. Omu 1 inabeba ampia 14 na kitu, yaani wati 200. Nunua ya wati 300 au zaidi, uiweke mbali na pazia. Inachoma.

DADA: Na dhoruba?

KAKA: Swichi ya breki inayounganisha waya zote tatu za fezi, kabla ya rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC wa betri. Iwashe breki mapema. Ukingoja tufani ishike kasi, koili ndizo zitakazoungua.

DADA: Mlingoti tunafunga juu ya paa?

KAKA: Hapana, bati litakuwa ngoma, hamtalala. Bomba lisimame chini, mguu wake uwe kwenye sahani ya chuma iliyokanyagwa na tairi, na waya nne za kulikaza. Usisimamishe mlingoti gari likiwa linatembea. Huko unachaji betri kwa dizeli, tena kwa hasara.

DADA: Nyaya je?

KAKA: Kutoka rektifaya hadi betri, mita 10 kwa ampia 15: waya wa milimita 2.5 za mraba unapoteza volti 2. Wa 6 haufikishi volti moja. Fyuzi ya ampia 30 ikae karibu na betri, na kontrola iwe na fyuzi yake. Ukitaka kuchomoa yoyote, breki kwanza.