Mdogo wangu, usitume hela ya chuo cha eksirei kwanza

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi nikasema silali kwanza, maana kuna mdogo wangu kaniandikia inbox, dada nimepata chuo huko Marekani, kozi ya eksirei miezi sita, nitume ada? Jamani usitume. Hata shilingi.

Huku Marekani hospitali nyingi zinataka uwe na cheti cha ARRT, lile shirika linalotahini na kutoa vyeti kwa wapiga eksirei, na tangu 2015 hao ARRT hawakufanyishi mtihani kama huna angalau ile digrii ya miaka miwili, tena programu ya mionzi uliyosoma iwe wanaitambua wenyewe. Vikozi vifupi vipo, majimbo mengine yanatoa leseni ndogo ya kupiga picha chache kwenye kliniki, lakini siyo hicho cheti. Mimi nilikuwa nahudumia wazee usiku, hela yote napeleka chuo fulani, kumbe programu yao haitambuliki! Semesta nzima imeenda na maji, nililia sana, na orodha iko kwenye tovuti ya ARRT bure kabisa.

Halafu msidhani ile miaka miwili ni ya kujifunza kubonyeza kitufe. Chukua picha ya kifua tu: mgonjwa anasimama kifua kimegusa ditekta, yaani ule ubao unaopokea picha, mgongo ndo unaangalia mashine, ili moyo uwe karibu na ditekta usije ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo, mashine iko nyuma yake, kama sentimita 180 kutoka kwenye ditekta, mabega unamsukumia mbele ile mifupa ya nyuma isifunike mapafu, alama ya kulia au kushoto umeweka, haya vuta pumzi, ibane, hapo hapo unapiga. Sasa aje bibi wa miaka 85, hasikii vizuri, kusimama hawezi, anaogopa, na ukikosea unarudia, kila ukirudia unamwongezea mionzi bibi wa watu. Hiyo hamna kitabu kinakufundisha, ni mazoezi hospitalini, wiki baada ya wiki, mwalimu kasimama pembeni yako.

Kwa hiyo mdogo wangu nitumie jina la hicho chuo leo leo, tulitafute wote kwenye orodha. Na mwingine yeyote mwenye jina la chuo aliandike hapo chini, nikiamka naanza kuangalia moja moja.