Wenye Nzumari wa Thanjavur

Ndugu wasikilizaji, katika harusi ya Kihindu ya Kitamil, bwana harusi anapoanza kumfunga mwenzake thali, kidani cha ndoa, shingoni, husikika ukelele: "Getti melam!" Hapo nadaswaram na ngoma ya tavil hulipuka kwa nguvu zote, ili chafya wala neno la nuksi lisisikike katika saa ile ya heri.

Nadaswaram ni nzumari, ya ukoo mmoja na hizi zetu za pwani, ila ndefu zaidi; ile kubwa hukaribia mita moja. Wenyewe hasa ni jamii iitwayo Isai Vellalar, jina walilojichagulia karne ya 20. Kitovu chao ni Thanjavur, kusini mwa India, katika mashamba ya mpunga ya mto Kaveri. Wanaume walipiga nzumari na tavil, au walikuwa nattuvanar, yaani walimu wa kucheza. Wanawake wengi waliwekwa wakfu hekaluni, wakaimba na kucheza mbele ya miungu.

Na wanawake hao tunawajua kwa majina. Mfalme Rajaraja wa Kwanza, aliyejenga hekalu kuu la Thanjavur miaka elfu moja iliyopita, aliamuru yachongwe ukutani majina ya wanawake wapatao 400: fulani, ametoka hekalu fulani, nyumba yake ipo mtaa huu, fungu lake la mpunga ni hili. Ni wafalme wachache waliowaandika wasanii wao kwa heshima ya namna hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wakatokea ndugu wanne: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Ndio waliopanga utaratibu wa uchezaji, kuanzia alarippu, mchezo wa kufungulia, hadi tillana, wa kufungia, na wachezaji wa bharatanatyam, jina la sasa la mchezo huo wa hekaluni, wanaufuata mpaka leo.

Baadaye heshima ile ikageuka aibu. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii ya hao wanawake wa hekaluni, waitwao devadasi, alipigania kukomeshwa kwa desturi ya kuwaweka wasichana wakfu, na mwaka 1947 sheria ikapita Madras. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Mtoto hawezi kuamuliwa maisha yake yote kabla hajajitambua. Kinachoniuma ni kwamba wakati uleule mchezo wao ulikuwa ukipandishwa majukwaani na wasichana wa tabaka la juu. Rukmini Devi, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936, alifundishwa na Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, mzao wa wale ndugu wanne. Mwalimu akaheshimiwa, wanawake wa jamii yake wakaambiwa wakae ndani.

Wanaume walibaki na nzumari, nao hawakusalimika na dharau. Desturi iliwataka wapige wamesimama, kifua wazi. T. N. Rajarathinam Pillai, aliyefariki mwaka 1956, aliikataa. Alivaa koti refu, akaketi jukwaani kama waimbaji wakubwa, akaipiga raga (mtindo wa sauti) ya Todi kwa saa nyingi, na watu walikesha wakimsikiliza.

Kwa wanawake, aliyesimama imara ni Balasaraswati, mjukuu wa Veena Dhanammal, mpigaji mashuhuri wa kinanda cha nyuzi kiitwacho vina. Aliendelea kucheza kama nyumba yao ilivyocheza, mama yake akimwimbia, na hakukubali hisia za mapenzi zipunguzwe ili wachezaji waonekane watu wa staha. Mwaka 1973 Music Academy ya Madras ilimtunuku Sangita Kalanidhi, tuzo yake kuu ya muziki, ambayo hapo kabla haikuwahi kupewa mchezaji.